Kuamshwa na Kuamka: Historia Fupi ya Alfajiri Zetu, kutoka Korogwe hadi Bungu

Kwa wanachama wa hekalu letu, na kwa majirani wa dini zote mnaosoma kitabu hiki cha maadhimisho, tunawaamkia. Neno hilo tumelichagua kwa makusudi. Katika Kiswahili, kumwamkia mtu ni kumsalimu, na salamu zenyewe huitwa maamkizi. Nayo yote yametokana na kuamka. Wenye lugha hii waliona zamani kwamba kazi ya kwanza ya aliyefumbua macho ni kumtambua mwenzake.

Wenzetu wameandika katika kurasa nyingine juu ya jengo, wafadhili na sherehe. Sisi tumeombwa historia, nasi tumechagua jambo lisilopigwa picha wala kuchorwa ukutani: saa waliyoamka wazee wetu, na walichokifanya kabla jua halijapanda. Tunaandika hivyo kwa sababu limekuwapo pendekezo, linalosemwa kwa nia njema, kwamba arti ya alfajiri iondolewe na ibaki ile ya jioni peke yake, maana wanaohudhuria asubuhi hawajai hata kwenye mkeka mmoja. Kabla jamii haijaamua, ni vema ijue ni kitu gani hasa inachotaka kukiacha.

Saa ya nchi na saa ya dini

Korogwe iko karibu nyuzi tano kusini ya Ikweta. Kwa sababu hiyo urefu wa mchana wetu haubadiliki sana. Kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka, tofauti ni kama nusu saa tu. Katika Gujarat, walikotoka babu zetu, mchana wa wakati wa joto huuzidi ule wa wakati wa baridi kwa zaidi ya saa mbili. Hivyo Mhindi aliyeteremka Tanga kutoka chomboni alikuta nchi ambayo alfajiri yake ni ya kutegemewa, na watu wanaohesabu saa kuanzia macheo, hata saa moja ikawa ndiyo saa ya kwanza ya mchana. Hesabu hiyo haikumwia ngeni, kwa maana katika mapokeo ya Kihindu nako siku huanza jua linapochomoza.

Mapokeo hayo huugawa usiku na mchana katika vipindi 30, kila kimoja dakika 48, na kila kimoja huitwa muhurta. Kipindi cha pili kutoka mwisho wa usiku ndicho Brahma muhurta, wakati uliowekwa kwa sala, masomo na fikra tulivu. Huanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kwisha dakika 48 kabla yake. Kwa hapa kwetu ni tangu saa kumi na moja kasorobo ya alfajiri, au kupita kidogo, hadi saa kumi na moja na nusu hivi. Msomaji Mwislamu atatambua mara moja kwamba adhana ya alfajiri huangukia humo humo. Hakuna mashehe wala mapandit waliokaa kupatanisha saa hizo. Waliitazama mbingu ile ile, kila mmoja kwa upande wake, wakafikia wakati mmoja. Kwa miaka yote ambayo jamii yetu imeishi Korogwe, mwadhini na mwenye zamu ya kuwasha taa ya hekalu wameamka pamoja, hata kama hawakuwahi kukaa meza moja.

Anayeamsha sharti awe macho

Walikoyatoa mazoea haya babu zetu panajulikana. Katika karne ya 15, huko Junagadh, Narsinh Mehta alitunga tenzi ambazo Wagujarati huziita prabhatiya, yaani za mapambazuko. Hata leo huimbwa na wazee wakati wa kuoga na kufagia. Vallabhacharya, aliyeishi kati ya mwaka 1479 na 1531, aliacha mapokeo ya ibada ambamo Bwana Krishna hutunzwa kama mtoto wa nyumbani: huamshwa kwa upole, huogeshwa, huvikwa, hulishwa na kulazwa. Mnamo mwaka 1826, katika mji wa Vadtal, Sahajanand Swami aliandika Shikshapatri, waraka wa aya 212, na ndani yake aliwaagiza wafuasi wake waamke kila siku kabla ya jua na kumkumbuka Mungu kwanza. Na katika karne iliyopita, katika ashram ya Mahatma Gandhi kule Sabarmati, kengele ya kuamka iligongwa saa kumi ya alfajiri na sala ikafuata.

Tungependa msomaji aangalie jambo moja katika mapokeo hayo. Arti ya alfajiri, mangala arti, ni ibada ya kumwamsha Bwana. Basi anayekwenda kumwamsha mwingine hawezi kuwa amelala. Hakuambiwa aamke ili awe tajiri, wala ili awapite wenzake kwa ujanja. Ameambiwa aamke kwa sababu yuko anayemngoja. Jambo hili ndilo tunalolifuata katika sehemu zinazobaki, maana historia ya wilaya yetu inalithibitisha kwa njia ambayo waliotunga mafundisho hayo hawakuwa na habari nayo.

Reli, mkonge na kengele

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893, Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge ipatayo 1,000 kutoka Florida; iliyofika Afrika Mashariki ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache bonde zima, kutoka Tanga hadi Korogwe na kupita, likageuka kuwa mistari ya majani yenye miiba. Ilipopita reli na kupandwa mkonge, kulifunguliwa pia duka, na mwenye duka mara nyingi alikuwa mtu wetu: Mlohana, Mpateli, Mbhatia au fundi wa kazi za mikono, aliyekuja kwa upepo wa kaskazi akiwa na anuani ya mjomba na fedha za kukopa.

Mashamba hayo yalihitaji watu wa kuyafanyia kazi, na watu hawakuwa tayari kuyaacha mashamba yao wenyewe. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto, serikali ya Kijerumani iliweka utaratibu wa kadi: kila mwanamume alilazimika kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kwenye kazi za umma. Kadi hiyo iliitwa kipande, na neno hilo liliendelea kutumika chini ya Waingereza kwa kadi ya siku 30 za kazi katika mashamba ya mkonge.

Kukata mkonge ni kazi ya alfajiri. Jua likipanda, bonde huwa tanuri, na utomvu wa jani huwasha ngozi. Mkataji alikuwa na kiwango chake cha matita, kila tita majani 30, na hakupata alama katika kipande chake mpaka amekitimiza. Basi kengele, mara nyingi ikiwa ni kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mtini, iligongwa gizani. Majani yaliyokatwa hayakai. Yalipelekwa korona yangali mabichi ili nyuzi zitolewe. Huko milimani nako, katika mashamba ya chai kama Dindira na Ambangulu, mchumaji aliingia shambani umande haujakauka, kwa kuwa jani la chai lililochumwa leo halingoji kesho.

Katika bonde hili, kwa hiyo, maelfu ya watu waliamka mapema kwa miongo mingi. Lakini tunaomba tusiyachanganye mambo. Wale waliamshwa, kengele haikuwa yao, kiwango hakikuwa chao, na asiyeitika aliijua adhabu yake. Mkonge ulifikia kilele chake mwaka 1964, Tanganyika ilipotoa takriban tani 230,000 na kuongoza duniani. Kisha nyuzi za plastiki zikaua bei, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000. Kengele nyingi zilinyamaza, na pale zilipokuwa ndiyo sababu pekee ya kudamka, kudamka nako kukaisha. Mkulima wa Kishambaa kule Bungu, ambaye hakuwahi kuhitaji chuma cha reli kimwambie kwamba kumekucha, aliendelea kwenda kwenye migomba, mahindi na maharage yake saa ile ile aliyokwenda baba yake. Kuamshwa huisha na mwamshaji. Kuamka hurithiwa.

Duka la mlimani

Bungu iko juu, katika milima ya Usambara Magharibi, upande wa Korogwe. Atokaye bondeni huacha joto nyuma na kuingia katika ukungu, na asubuhi nyingi ukungu huo haukuachii kuona ng'ambo ya barabara. Wazee wetu waliofanya biashara kati ya Korogwe na Bungu walijifunza huko kwamba mchana wa mlimani huanza kabla ya mchana wenyewe. Siku ya gulio, akina mama walikuwa njiani tangu jogoo la kwanza, mikungu ya ndizi kichwani, mtoto mgongoni, wakishuka kwa mstari mmoja. Waliohitaji chumvi, mafuta ya taa au kibiriti walipiga hodi dukani wakati wa kupita, hawakungoja wakati wa kurudi. Mwenye duka aliyefungua saa mbili alikuwa amekwisha kuwakosa.

Tumekusanya kutoka vinywa vya wakubwa wetu mpangilio wa asubuhi zile, nao hauna tofauti kubwa kati ya nyumba na nyumba. Kwanza maji: kuoga kwa maji baridi ya mlimani, bila mjadala. Kisha taa ya samli mbele ya picha ya Bwana katika kona ya chumba, na sala isiyo ndefu. Kisha ufagio, na maji ya kunyunyizia kizingiti. Kisha udi, ambao moshi wake ulizungushwa juu ya mizani na sanduku la fedha. Kisha chai ya maziwa yenye iliki, na hapo ndipo fundi wa charahani alipofika barazani na kupewa kikombe chake. Mwisho, kabla mlango haujafunguliwa wote, ulifunuliwa rojmel, daftari la kila siku, na mauzo ya jana yakahesabiwa upya kwa kichwa kilichopumzika. Walisema kwamba deni likitazamwa jioni hutazamwa kwa hasira, lakini likitazamwa asubuhi hutazamwa kwa akili. Wengi waliokopa sukari ya msibani walisamehewa katika saa hiyo ya rojmel, pasipo tangazo.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa na heshima yake. Mauzo ya kwanza ya siku huitwa boni kwa Kigujarati, na mfanyabiashara hapendi kumrudisha mikono mitupu aliyeyaleta, hata kama amekuja na senti pungufu. Jirani zetu waliijua desturi hiyo upesi, na walikuwapo waliodamka kwa ajili yake tu. Kwa Kiswahili husemwa biashara asubuhi, jioni mahesabu. Wazee wetu waliongeza mahesabu mengine ya asubuhi.

Hatutaki kuipamba picha hiyo kupita kiasi. Mizani ya duka ililalamikiwa, mkopo wa kungoja mavuno uliuma, na sheria za wakoloni zilimpa Mhindi ngazi ambayo Mshambaa hakupewa. Baraza moja la duka halikuweza kuyafuta hayo. Lakini katika saa ile ya ukungu, kabla ya bei na kabla ya daftari, watu wawili waliamkiana, wakaulizana habari za mgonjwa, mvua na watoto. Ujirani wetu, kwa kadiri ulivyokuwako, ulijengwa zaidi katika nusu saa hiyo kuliko katika hotuba za baadaye. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi tulipewa jembe letu alfajiri.

Na lipo deni moja ambalo historia za mahekalu huchelewa kulilipa. Tunapotaja wazee walioamka kabla ya jua, aghalabu tunawataja wanaume. Baba alipoamka kuoga, maji yalikuwa yamekwisha chotwa. Alipowasha taa, utambi wa pamba ulikuwa umekwisha sokotwa. Unga wa chapati ulikandwa na mtu ambaye alilala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Hali ilikuwa hiyo hiyo katika nyumba ya jirani yetu wa Kishambaa, ambako mama aliwasha moto na kushika njia ya kisimani. Historia ya alfajiri katika wilaya hii ni historia ya akina mama, na anayeisifu desturi hii pasipo kuwataja anasifu kivuli na kuusahau mti.

Miaka ya mashaka

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwaka huo huo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikatwaliwa na taifa. Mwaka 1971 yakatwaliwa majengo ya kupangisha. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuyaweka maduka ya ushirika mahali pa maduka ya watu binafsi vijijini. Familia nyingi za jamii yetu zilihama, baadhi Dar es Salaam, baadhi Uingereza, baadhi Kanada. Waliobaki walibaki kwa sababu mbalimbali: wapo walioipenda nchi, wapo waliokuwa na wazee wasiosafirika, wapo ambao hawakuwa na nauli.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Wenye umri wetu hawajasahau foleni: watu wakipanga mawe usiku ili kushika nafasi, na kurudi alfajiri kungoja sukari, sabuni au kipande cha khanga. Mhindi na Mshambaa, Mzigua na Mbondei, wote walisimama katika mstari mmoja, na pale tulifahamiana kuliko tulivyofahamiana mwenye duka akiwa upande mmoja wa meza na mnunuzi upande wa pili.

Katika miaka hiyo hiyo hekalu lilibaki na nyumba chache. Haikuwezekana kuwa na pujari wa kudumu, basi wakapanga zamu: kila nyumba siku yake. Samli ilipokosekana utambi ulichovywa katika mafuta ya nazi. Aliyekuwa na zamu alijua kwamba asipofungua yeye mlango, siku hiyo hautafunguliwa na mtu mwingine. Ajabu yake ni kwamba arti ya alfajiri haikufa wakati huo, watu walipokuwa wachache, wenye njaa na wenye hofu. Imekuja kudhoofika sasa, tukiwa na umeme, magari na samli ya kutosha. Anayesema kwamba arti inadhoofika kwa sababu ya uchache wetu, na aitazame miaka ile.

Usiku uliorefushwa

Umekuwaje, basi? Hatukubali jibu la haraka kwamba vijana ni wavivu. Usiku wenyewe umebadilika. Mwaka 1964 kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi katika Mto Pangani, humu humu wilayani mwetu. Ikawa wilaya iliyolala na kuku inasaidia kuangaza miji ya mbali, na polepole na yenyewe ikaanza kukesha. Kisha ikaja televisheni, mpira wa Ulaya wa saa tano usiku, na mwisho simu ya mkononi, ambayo humfuata mtu hadi kitandani. Mwenye duka wa leo hafungi jua linapotua. Hufunga saa nne usiku, kisha hujibu ujumbe wa wauzaji wa jumla hadi saa sita. Kumwambia mtu huyo aamke saa kumi bila kumwuliza alilala saa ngapi ni kumdhulumu.

Elimu ya mwili inasema hivyo hivyo. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walioonyesha jinsi saa iliyomo ndani ya chembe za mwili inavyofanya kazi. Saa hiyo huongozwa zaidi na mwanga: mwanga wa asubuhi huirudisha mbele, mwanga wa taa na skrini usiku huichelewesha. Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi. Wazee wetu hawakuijua tuzo hiyo, lakini walilala saa tatu usiku, na anayelala saa tatu akiamka saa kumi hajapunjwa usingizi wake. Desturi ya kudamka haianzi na kengele ya saa. Inaanza jioni iliyotangulia, kwa kuzima taa.

Tena tusisahau kwamba watu bado wanaamka mapema wanapongojwa. Kwa miaka mingi mabasi ya masafa marefu yalikatazwa kusafiri usiku, katazo lililokuja kulegezwa mwaka 2023, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na kijana aliyeshindwa kuwahi basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mwanafunzi wa mtihani huamka. Mwuza maziwa huamka. Mama wa mtoto mchanga huamka mara nne. Kwa hiyo uwezo haujapotea. Ila asubuhi ya hekalu imebaki bila mtu anayemngoja mtu mwingine. Mlango hufunguliwa na mlinzi, taa huwashwa na pujari, kengele hugongwa na mashine. Kila kitu kinafanyika, na hakuna ambaye kutokuwapo kwake kunaonekana.

Tunalopendekeza

Historia hii inatufundisha jambo moja: hapana aliyeshika desturi ya kudamka kwa miaka mingi kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Ama aliburutwa na kengele ya mwingine, na desturi ikafa pamoja na kengele. Ama palikuwa na anayemngoja, awe Mungu, mnunuzi, mgonjwa au jirani, na desturi ikaishi hata katika njaa. Atakaye kuirudisha asubuhi na atafute kwanza wa kumngoja.

Kwa hiyo tunaiomba jamii isiiondoe arti ya alfajiri, na badala yake ifanye mambo manne. La kwanza, zamu zirudi. Kila nyumba ipewe siku moja ya juma, na siku hiyo funguo ziwe mikononi mwao. La pili, kila zamu iwe ya watu wawili, mkubwa na kijana, wapitiane nyumbani kwa hodi wala wasiamshane kwa simu. Atakayelala atajua kwamba mwenzake amesimama nje kwenye umande. La tatu, wanaume na wavulana wachukue sehemu yao ya kazi za asubuhi, kuchota, kufagia na kupika chai, ili arti isiwe mzigo mwingine juu ya wanawake ambao tayari wana mizigo. La nne, lango la nje lifunguliwe saa kumi na moja, na bomba la maji pamoja na birika la chai ya iliki viwekwe hapo kwa ajili ya wapitao kwenda gulioni, shambani na kituo cha basi, bila kumwuliza mtu dini yake.

Hilo la nne wengine wataliona si la ibada. Sisi twaona ndilo litakaloiokoa ibada. Mama atakayepita gizani akijua kwamba kwetu pana taa na maji ya moto, ataanza kututegemea; na siku tutakayochelewa, atauliza kwa nini. Swali lake hilo litafanya kazi kubwa kuliko mahubiri yetu yote.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani kabla ya hekaluni, mpangilio wa wazee unatosha, nao haugharimu kitu: lala saa moja mapema kuliko ulivyozoea, amka saa ile ile kila siku, hata siku ya mapumziko, maji kwanza, kisha sala kwa kadiri ya dini yako, kisha fagia mahali pako, tazama hesabu ya jana bila hasira, halafu toka nje umwamkie mtu. Simu ingoje mpaka hayo yamekwisha. Asiyeweza saa kumi na aanze na saa kumi na moja na nusu. Haba na haba hujaza kibaba.

Jengo letu limeimarika, rangi ni mpya, na majina ya wafadhili yamechongwa katika marumaru, kwa haki. Lakini jengo halina uwezo wa kuamka lenyewe. Tunawatakia wanachama wote na majirani zetu wote maadhimisho mema, usingizi wa kutosha na alfajiri zenye wa kuwangoja. Jai Shri Krishna.